Barua kwa mwanangu wa Mokowe: ankara ya gereji

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Wa baad ya salamu, sisi huku tu wazima na baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma, na picha ya ankara uliyoituma nimeiona. Umeniuliza kwa nini mwenye ile Probox anakataa kulipa shilingi 18,500 ilhali kazi umeifanya vizuri, na uandikeje ankara ambayo mteja hatabishana nayo.

Ankara yako ina mstari mmoja: "Matengenezo ya gari, 18,500". Sasa fikiria huyo bwana. Yeye yuko Mombasa, gari limeletwa na dereva. Shoki, ile inayopunguza mtikiso wa gari, iliyokuwa ikivuja mafuta hakuiona. Hakukuona ukilala chini ya gari ukihangaika na boliti, wala spea zilizotoka hajazishika mkononi. Kilichomfikia ni ile karatasi na idadi ya pesa. Ningekuwa mimi, ningeuliza pia.

Kwa hiyo kila ankara iandikie mtu ambaye hakuwapo. Hapa pwani ndivyo ilivyo kwa magari mengi: tajiri yuko mji mwingine, dereva ndiye anayekuja gereji, na anayelipa huenda ni karani wa hoteli ambaye hajui shoki ni nini. Wote hao wasome karatasi yako waelewe bila kukupigia simu.

Hiyo kazi ya Probox, kwa maelezo uliyonipa, ningeiandika hivi. Kwanza lalamiko kama dereva alivyolisema: gari linagonga mbele likipita kwenye matuta, na breki zinalia. Halafu ulichokiona: shoki zote mbili za mbele zinavuja, bushi (mipira) za kontroli amu, ile mikono inayoshika magurudumu, zimekatika, breki padi za mbele zimekwisha. Ndipo spea, kila moja na mstari wake: shoki za mbele 2 kwa 4,500, jumla 9,000, breki padi za mbele seti 1, 2,800, bushi 4 kwa 450, jumla 1,800. Nauli ya mzigo kwa basi kutoka Mombasa, 500. Kisha ufundi, nao uugawe: kufunga shoki 2,000, kubadilisha breki padi 800, kutoa na kuingiza bushi 1,600. Jumlisha: ni zile zile 18,500. Hujampunguzia hata senti, lakini sasa anaona pesa yake ilikokwenda, na akitaka kuuliza bei ya shoki madukani Mombasa, aulize.

Usiuchanganye ufundi na spea, mwanangu. Najua mafundi wengi huficha ufundi ndani ya bei ya spea kwa kuwa mteja hulipia chuma kwa urahisi kuliko jasho. Mimi sikubaliani nao kabisa. Siku mteja akijua bei ya duka, hatakuamini tena, hata kwa kazi uliyoifanya kwa uaminifu. Ufundi wako una thamani, uandike peupe.

Na spea useme ni ya aina gani. Jenuini mpya, kopi mpya, au iliyotumika iliyotoka Japani, zote zina bei zao na umri wao. Ukiandika "shoki" tu, mteja atalinganisha kopi yako na jenuini ya jirani, au atadai jenuini ilhali alilipia kopi. Zile kuukuu zifungie kwenye maboksi ya zile mpya na umpe dereva aondoke nazo, kisha andika kwenye ankara kwamba zimerudishwa.

Nauli ya mizigo wewe uliko haikwepeki, maana spea nyingi zinapanda basi Mombasa au hapa Malindi. Iweke wazi. Kama basi moja limeleta spea za magari matatu, igawe kwa haki, usimtoze kila mmoja nauli nzima.

Kuna jambo la Mokowe ambalo fundi wa Nairobi halijui sana: kutu. Watu wanaacha magari karibu na jeti, wanavuka kwenda Amu (Lamu), gari linakaa kwenye upepo wa chumvi wiki baada ya wiki. Boliti iliyotakiwa kufunguka kwa spana inataka kukatwa. Hiyo ni saa ya ziada, na ni haki yako kuilipwa, ila mteja aambiwe mapema. Ukimpa makadirio, andika humo: "boliti zikiwa zimeshika kutu, ufundi utaongezeka kiasi hiki." Ikitokea, piga picha boliti yenyewe, umtumie, na kwenye ankara uiwekee mstari wake.

Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia, wala si kwenye hesabu: kazi inayoongezeka gari likiwa limeshafunguliwa. Umeambiwa breki, umeona bushi. Usiguse. Mpigie mwenye gari, si dereva, mweleze, mtajie bei, kisha mwandikie ujumbe mfupi na usubiri ajibu. Akikubali, andika kwenye ankara: "Imeongezwa kwa idhini ya mwenye gari kwa simu," pamoja na tarehe na saa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu hasa utengenezaji wa magari, nayo inataka makadirio na idhini kabla ya kazi. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, gari ni mali ya mtu.

Na akikataa? Andika pia. Hili nakuomba sana ulishike. Ukiona tairi ya nyuma imebaki waya, au paipu ya breki imeliwa na kutu, na mwenyewe akasema atatengeneza mwezi ujao, weka chini ya ankara: "Paipu ya breki ya nyuma kushoto ina kutu, mteja ameshauriwa ibadilishwe, hakuafiki." Dereva atie sahihi. Gari hilo litarudi barabarani na watu ndani. Mwenye gari akiyaona maneno hayo kwa maandishi, mara nyingi hubadili nia, na hilo ndilo ninalolitaka zaidi kuliko kukukinga wewe na lawama.

Mengine ni ya kawaida. Namba ya gari, kilomita lilipoingia, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Usiache kilomita, kwa sababu ukitoa waranti ya kazi bila kilomita hutajua imekwisha lini. Arbuni aliyotoa ioneshe, uitoe kwenye jumla, uandike baki. Namba za ankara zifuatane. Ukiharibu moja andika "imefutwa" uihifadhi, usiichane. Kumbukumbu hizo sheria ya kodi inataka zikae miaka mitano.

Wateja wa hoteli na wa ofisi watakutaka ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA), yenye PIN yao, yaani namba yao ya kodi. Si usumbufu wao: tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara hiyo KRA haiwakubalii kuitoa kwenye hesabu ya kodi. Kwa biashara ndogo kama yako unaweza kuitoa ankara hiyo hata kwa simu, kwa *222#. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 usiiandike kamwe kabla hujasajiliwa. Usajili ni lazima mauzo yakifika milioni tano kwa mwaka, na hujafika huko bado.

Sasa mwandikie upya yule bwana wa Probox leo hii, na umwombe radhi kwa kumchelewesha, si kwa bei. Tuma na picha za spea zilizotoka kama unazo. Kisha nitumie kielelezo cha kitabu chako cha ankara kabla hujakipeleka kwa mchapaji, nikiangalie nafasi ya sahihi na ya kazi iliyokataliwa. Baba yako anauliza kama ile jeki imefika. Ilipanda basi la jana asubuhi.

Mama yako