Sprei ya seramiki kwenye gari: kazi iko kwenye kuosha, sio kwenye kupuliza

Swali ninaloulizwa sana ni kama ile sprei ya seramiki inasaidia kweli au ni maneno ya wauzaji tu. Inasaidia, ila sio kwa yale wanayokutangazia. Haizuii mkwaruzo wa bodaboda anayepenya kwenye foleni ya Mwenge, haizuii kokoto za barabarani, na kama gari lako klia (lile tabaka la juu kabisa la rangi, linaloonyesha) imeshaanza kubanduka kwenye boneti na juu ya paa (wenye Vitz na IST zilizoshinda juani miaka mnanielewa) basi hata upulize chupa nzima halirudi, hiyo ni kazi ya fundi rangi. Inachofanya ni kuacha utando mwembamba sana juu ya klia, ndani yake kuna silika, maji yanakusanyika matone na kuteleza, vumbi haligandi sana, na kinyesi cha kunguru kinatoka kirahisi ukikiwahi. Na kwa kunguru hawa wa Dar mimi hilo tu linanitosha kutoa hela.

Usiichanganye na seramiki ya vichupa vidogo wanayopaka mafundi, ile ndo ya miaka. Hii ni ya miezi. Chupa ikiandikwa mwaka mzima, mimi kwa jua letu na upepo wa chumvi pale Kigamboni nahesabu nusu yake.

Sasa kazi yenyewe. Kupuliza ni dakika chache, muda wote unaisha kwenye usafi, maana chochote utakachokiacha kwenye rangi utakifunika nacho. Osha kwa shampuu ya gari, ndoo moja ya povu na nyingine ya kusuuzia kitambaa, rimu uwe umeshazimaliza kwa kitambaa chake. Halafu gari likiwa limekauka chukua mfuko wa mkate (ile mifuko mingine si ilipigwa marufuku 2019), ingiza mkono ndani na upitishe vidole taratibu juu ya boneti, utasikia vipunjepunje ambavyo mkono mtupu hauvisikii. Hivyo havitoki kwa shampuu. Vinataka klei ya magari, kile kibonge laini kama udongo wa kuchezea kinachonasa uchafu, unaisugua polepole huku umelowesha kwa maji ya shampuu, bila kukandamiza, na ikidondoka chini itupe hata kama ni mpya kwa sababu mchanga ukishanasa humo unachora gari zima. Kama ulipiga kompaundi (ile dawa ya kusugulia rangi ing'ae) au waksi kabla, futa na alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji ili mafuta yatoke.

Na maji jamani. Visima vingi vya Dar vina chumvi, yakikaukia juu ya rangi yanaacha madoa meupe ya duara, ukipuliza juu yake umeyafungia ndani. Suuza mwisho na maji ya bomba ya DAWASA kama yanatoka, kama hayatoki basi kausha hapo hapo kwa taulo, usisubiri jua.

Mimi napuliza asubuhi saa moja, kivulini, kabla bodi haijapata moto. Weka kiganja kwenye boneti, ukisikia joto acha mpaka jioni, maana inakauka kabla hujafuta na inabaki mistari kama ya mafuta. Nenda kipande kwa kipande, mlango mmoja ukiisha ndo uhamie mwingine, puliza mara mbili tatu tu, kukiwa na upepo pulizia kwenye kitambaa badala ya kwenye gari. Sambaza na taulo la maikrofaiba, kisha malizia na la pili kavu kabisa. Ikibaki mistari usisugue kwa nguvu, puliza kidogo hapo hapo ufute haraka, inayeyuka. Kioo cha mbele ruka, waipa zitaanza kukoroma. Diski za breki usizisogelee kabisa.

Soma chupa kwanza lakini, zipo za aina nyingine, mfano Meguiar's Hybrid Ceramic Wax, hiyo unapuliza gari likiwa limelowa kisha unapiga maji ya presha na kukausha. Hizi za kupaka pakavu nyingi zinataka kama siku nzima bila maji, kwa hiyo masika usibahatishe.

Baada ya hapo adui mkubwa ni kijana wa kuosha magari mwenye ndoo moja ya sabuni ya unga na tambara lililotoka kwenye matairi sasa hivi. Sio kosa lake, ndo alivyokuta. Mimi naenda na shampuu yangu na taulo zangu kwenye buti, namwongezea kidogo, hakuna aliyewahi kukataa. Ukiona matone hayajikusanyi tena usikimbilie kununua chupa nyingine, mara nyingi ni uchafu umekaa juu ya utando. Osha vizuri kwanza, na maji yakiendelea kutandaa kama kwenye sahani ndo upulize upya.