Weldi safi jioni, kesho ina ufa

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nina gereji Unga Limited, Arusha. Masika hii nimechomelea shafti ya trekta ya mteja, jioni iko safi kabisa nimeigonga na nyundo haina shida, kesho yake ananipigia imepasuka pembeni ya weldi. Kijana wangu anayesomea ufundi Moshi anasema ni haidrojeni, eti hata vinu vya nyuklia Ulaya vimekutwa na nyufa hizo. Kweli au ananipiga kamba?

JIBU: Marahaba fundi, kijana yuko sahihi kabisa. Rodi ikishika unyevu, moto unayavunja yale maji na haidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, sasa kikipoa inabanwa humo ndani, inatembea taratibu kwenda pale palipokazwa na pagumu zaidi, yaani pembeni ya weldi, na chuma kinakosa ule unyumbufu wake. Ndo maana ufa unaweza kuja hata siku mbili baadae.

Huko Ubelgiji mwaka 2012 walipima kwa mawimbi ya sauti chungu cha kinu cha nyuklia cha Doel 3, yaani lile pipa kubwa la chuma linaloshika mafuta ya nyuklia, afu cha Tihange 2. Huo ukuta wa chuma una unene wa sentimita 20 hivi, na ndani yake wakakuta maelfu ya nyufa ndogo, Doel 3 peke yake hesabu ikaja kufika zaidi ya 13,000! Hazikuletwa na kazi, zilizaliwa nacho kiwandani wakati chuma kinafuliwa, haidrojeni haikutolewa ya kutosha. Nyingi zimelala sambamba na ukuta kwahiyo presha haizifungui kirahisi, vinu vikaruhusiwa kuwaka tena mwisho wa 2015. Ila nyutroni, yaani chembe ndogo zinazoruka kutoka kwenye mafuta ya nyuklia, nazo zinakifanya chuma kiwe kigumu na chepesi kuvunjika mwaka hadi mwaka, kwahiyo mi naona watu walikuwa na haki kabisa kuhoji. Doel 3 ilizimwa 2022, Tihange 2 ikafuata 2023.

Turudi kwa shafti. Saga ufa wote mpaka uishe, safisha kutu, grisi na rangi, tumia rodi za 7018, zile za haidrojeni kidogo, zilizookwa kwenye oveni kama maelekezo ya pakiti yanavyosema, zile zilizolala wazi kwenye benchi masika nzima usiziguse kwa kazi hii. Pasha shafti moto kwanza, ukimaliza ifunike ipoe polepole, usiimwagie maji hata mteja akiwa anakuharakisha vipi. Na usimkabidhi jioni ileile, iache siku mbili ndo uikague.