Usiegemeze shabaha kwenye uzio wa mbao, mkuu

Mkuu, kabla hujatoa hata pauni moja, simama kwanza. Umeuliza mambo manne: bunduki ipi ya upepo inamfaa anayeanza, risasi za aina gani, umbali gani unatosha, na namna ya kupunguza kelele majirani wasilalamike. Halafu mwishoni ukapitisha, kama jambo dogo tu, kwamba shabaha utaibandika kwenye boksi lililojaa magazeti, na boksi lenyewe utaliegemeza kwenye uzio wa mbao nyuma ya nyumba. Mimi hayo mengine yote nimeyasahau. Boksi la magazeti na uzio wa mbao ndivyo nilivyovitegemea mwaka 2019, kwenye bustani ya nyumba ya kupanga hapa England, na mwisho wake naujua.

Bunduki yangu ilikuwa ya springi, yaani springi ndiyo inayosukuma upepo, na risasi zake za unene wa milimita 4.5. Siku ya kununua nilimuuliza muuzaji swali la maana kabisa: nyuma ya shabaha niweke nini? Akanijibu huku anapiga hesabu kwenye mashine, hata macho hakuinua: magazeti yanatosha. Nilimwamini kwa sababu amezeeka nyuma ya kaunta ile. Nikaenda mtandaoni kuhakikisha, nikamkuta jamaa ana video ya boksi hilo hilo. Akapiga risasi kumi, akafungua, akaonyesha kwamba hazijafika hata nusu ya karatasi. Kumi! Nani ananunua bunduki apige kumi? Kopo moja dogo lina risasi 500, na Jumamosi moja yenye jua unamaliza mia moja kabla chai haijapoa. Hasira yangu kwa watu hawa wawili haijaisha mpaka leo, maana walikuwa wanajua kazi yao na waliacha kusema sehemu ambayo ndiyo yenye hatari.

Sehemu yenyewe ni hii. Risasi ya 4.5 ina uzito wa nusu gramu hivi, na bunduki ya juli 15 (juli ni kipimo cha nishati risasi inapotoka) huitupa kwa karibu mita 240 kwa sekunde. Ya kwanza inachana kurasa kadhaa na kukwama. Ya pili, ukiwa bado unajifunza, inatua sentimita tano pembeni, nayo inakwama. Wiki za mwanzo boksi linaonekana imara kwelikweli. Lakini mazoezi yanakuzoesha. Pumzi inatulia, kidole kinabonyeza taratibu, na risasi zako zinaanza kutua mahali pamoja. Sasa kila moja inaanzia pale iliyotangulia ilipoishia. Unachimba handaki bila kujua, na usoni mwa boksi huoni kitu zaidi ya tundu moja zuri katikati, lile unaloonea fahari. Kadiri unavyokuwa hodari ndivyo boksi linavyokufa haraka.

Langu lilikufa wiki ya sita. Nilifyatua, nikasikia mlio mwembamba wa kioo ng'ambo ya uzio. Nikashusha bunduki. Jirani yangu alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, ana kibanda cha vioo anakooteshea nyanya. Alitoka jikoni ameshika kopo la kumwagilia maji, ananiuliza kuna nini. Nikazunguka kwenda kwake. Kioo kilikuwa kimetoboka, ufa umetambaa mpaka kwenye fremu, na chini yake kuna kigoda cha plastiki cha kijani anachokalia anapohamisha miche. Glavu zake zilikuwa juu ya kigoda, zimejaa vipande vya kioo. Alikuwa amenyanyuka kwenda kujaza maji tu.

Niliporudi nililipasua boksi. Kurasa za mbele zimesagika kama pumba. Katikati, risasi zimebanana na kubapa kama dengu zilizokanyagwa. Upande mmoja wa fungu hilo kuna njia nyembamba, inaingia kidole, inaenda moja kwa moja hadi jarida la mwisho. Uzio wenyewe ulikuwa wa vibao vyembamba ambavyo jua na mvua vilishavimaliza. Haukupunguza chochote.

Kioo nililipa pauni 85. Hiyo haikuuma. Polisi wawili walikuja jioni ile, wakachukua bunduki, wakanieleza sheria ambayo muuzaji alipaswa kunieleza. Hapa England na Wales bunduki ndefu ya upepo isiyozidi nishati ya futi-pauni 12, yaani kama juli 16, haihitaji leseni ukishatimiza miaka 18. Lakini risasi ikivuka mpaka wa eneo lako bila ruhusa ya anayekaa upande wa pili, hilo ni kosa, hata isipomgusa mtu. (Kama uko Scotland, hapo unatakiwa cheti kwanza; utaratibu huo ulianza mwisho wa 2016.) Hawakunishtaki. Mwenye nyumba alipopata habari hakurefusha mkataba. Kuhama, amana mpya, gari la mizigo, vyote vilipita pauni 2,000. Na yule bibi, aliyekuwa ananipa nyanya zake dirishani, hakuwahi tena kukaa kwenye kile kigoda nikiwa nje. Niliona. Hilo halina bei.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia kwa kila anayeuliza: kilichoko nyuma ya boksi lazima kiweze kuisimamisha risasi hata kama boksi halipo kabisa. Mbao hapana. Uzio hapana. Ua wa miti hapana, risasi inapita kati ya majani. Tafuta ukuta wako mwenyewe wa matofali, nyumba au gereji, geuza mazoezi yote yaelekee huko. Ikiwa bustani haigeuziki, basi bustani hiyo haifai, na utafute klabu.

Mimi sasa nina ukuta wa gereji. Mbele yake nimesimamisha bamba la zege la kutandikia njia, nene sentimita 5. Mbele ya zege ndipo linakaa kasha la mbao, na ndani yake nimekandika ule udongo laini usiokauka ambao mafundi umeme huzibia matundu ya mabomba ya nyaya, unene wa sentimita 5 pia, na nyuma ya udongo kuna bamba la chuma. Risasi inazama humo kwa sauti ya "pu" tu, hairudi. Hilo limejibu na swali lako la kelele, maana makelele mengi ni ya risasi inapogonga, siyo ya mtutu. Kila baada ya risasi 100 ninafungua na kuzitoa kwa kisu cha kupaka siagi, kisha ninaukanda udongo upya. Dakika tano. Na mlango wa kutokea jikoni ninaufunga kwa ufunguo kabla sijaanza, mtu asije akajitokeza katikati.

Mengine kwa haraka. Umbali: mita 10 zinakutosha, Olimpiki yenyewe wanapiga mita 10, na alama ya kumi, ile ya katikati kabisa ya shabaha ya bunduki ndefu, ni kitone cha nusu milimita. Risasi: chukua zile za kichwa bapa, zinakata tundu safi kwenye karatasi. Zile gololi za chuma usizilete karibu na ukuta wala zege, zinarudi usoni; miwani ya kinga vaa siku zote, hata kwa risasi za kawaida. Na kumbuka hizi zimetengenezwa kwa risasi kweli, yale madini yenye sumu, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chapati au mtoto, na usifagie vumbi lake kavu, futa kwa kitambaa kibichi.

Bunduki ipi ununue sijakujibu, na sitakujibu leo. Nenda nje sasa hivi, piga picha ya uzio wako na kilichoko ng'ambo yake, uiweke hapa. Tukishaona ukuta ulipo, tutaongea chapa na bei.