Swali la Kwanza: Unajidunga Mara Ngapi kwa Siku?

Wiki yako ya kwanza mtaani, ukigawa mabomba safi ya sindano kwa wanaojidunga unga (heroini), utapewa mkoba, fulana yenye nembo na daftari. Fulana iache ofisini. Hapa Kisenyi, Kampala, watu wanajua maana yake, na kijana akionekana amesimama nawe dakika mbili tu, mwenye nyumba wake atakuwa na habari kabla jua halijazama.

Daftari ndilo lililonikosesha mimi. Lilikuwa na safu ya watu waliopokea na safu ya mabomba yaliyotoka, na msimamizi wangu alikuwa akiangalia ile ya kwanza tu. Basi nikawa nagawa mawili mawili ili watu wawe wengi. Watu 60, mabomba 120, ripoti inapendeza. Siku moja mzee mmoja wa maskani, kijiwe cha wanaojidunga (namwita mzee ingawa hata miaka 50 hajafika) akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, haya ni ya asubuhi. Jioni nijidunge na nini?"

Sikuwa na jibu. Unga haukai mwilini siku nzima. Baada ya saa chache arosto, yale mateso ya kukosa unga, inabisha hodi, na anayetetemeka kwa arosto hangoji ofisi yako ifunguliwe. Atatumia bomba lililopo, liwe lake au la mwenzake. Anayejidunga mara 3 kwa siku anahitaji mabomba 21 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la mabomba 300 kwa mtu kwa mwaka ifikapo 2030, na nchi nyingi hazijalikaribia. Lakini piga hesabu ya huyo wa mara 3 kwa siku: kwa mwaka anapita 1,000. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina, uliza anajidunga mara ngapi, na wanaojidunga pamoja naye ni wangapi. Kisha mpe kwa hesabu hiyo.

Hao "wenzake" ndio wanaowatia wageni wasiwasi. Mtu anataka 40, nawe unawaza anakwenda kuyauza. Wapo wanaouza, sikatai. Ila wengi wanachukulia watu ambao hutawaona kamwe: mfanyabiashara mwenye duka lake, dereva wa boda anayeficha hata kwa mkewe, na zaidi ya wote wanawake. Mwanamke maskani mara nyingi hudungwa na mwanamume wake, tena baada ya mwanamume kujidunga, kwa bomba lilelile. Kuja kwako anaogopa, maana akijulikana watoto watachukuliwa na ndugu wa mume. Shoga yake akija kumchukulia, usimhoji. Ongeza ya akiba, na kondomu pia.

Utasikia wanaosema mpe jipya akileta la zamani. Linaonekana jambo la busara mpaka umkute askari njiani. Bomba lililotumika likikutwa mfukoni ni ushahidi, kwa hiyo watu huyatupa mtaroni mara tu wanapomaliza. Sheria yetu ya Uganda ya dawa za kulevya ya 2015 ilifutwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa suala la akidi bungeni, yaani idadi ya wabunge wanaotakiwa kuwepo, wengine wakashangilia. Mwaka huohuo Bunge likapitisha nyingine. Usimwahidi mtu kwamba sheria imelegea. Nenda mapema kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) na kwa mkuu wa kituo cha polisi, mweleze kazi yako kabla hamjakutana kwa ubaya. Mweleze pia faida yake yeye: mabomba yanayorudi kwetu hayatamchoma mtoto wake anayecheza mtaroni.

Ya kurudisha, yapokee bila sharti. Asiye na kisanduku cha taka zenye ncha kali anaweza kutumia chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Wewe usiyaguse, mwache mwenyewe ayatumbukize. Mimi nilijifanya mwema, nikataka kumfunikia mtu sindano yake, ikanichoma kidole gumba. Ikikutokea, osha kwa maji tiririka na sabuni, usikamue, usinyonye, kisha kimbilia PEP, dawa za kuzuia VVU visikuingie. Mwisho ni saa 72, lakini saa ya kwanza ni bora kuliko ya pili, na dawa humezwa siku 28. Muuguzi aliyenihudumia alinitazama kana kwamba mimi ndiye teja, akaniacha kwenye benchi hadi mchana. Tangu siku ile sishangai mtu akikaa na jipu mkononi wiki mbili bila kwenda kliniki. Siku hizi nampeleka mwenyewe, naketi naye.

Bomba peke yake halitoshi. Virusi vya homa ya ini C vimeshapimwa vikiwa hai ndani ya bomba hata baada ya siku 63, na vinapita pia kwenye kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia. Watu hugawana kijiko wakiamini wako salama kwa kuwa kila mmoja ana sindano yake. Hili lirudie kila siku, hata wakikucheka.

Mtu aliyetoka gereza la Luzira, au aliyekaa muda bila kutumia, mwangalie kuliko wote. Mwili umesahau, yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Akizidiwa utakuta wenzake wanammwagia maji au kumnywesha maziwa. Wazuie. Mpulizie pumzi, mpe naloksoni (dawa ya kuzima nguvu ya unga) kama mnayo, mlaze ubavu, na usiondoke akizinduka, kwa sababu naloksoni inaweza kuisha mwilini kabla ya unga na akazama tena.

Kuna watakaokuambia wamechoka, wanataka kuacha. Methadoni ilianza kutolewa hospitali ya Butabika 2020. Ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto kwa siku nzima. Mpeleke, lakini mjadiliane kwanza kuhusu nauli. Kutoka Bwaise hadi Butabika kila asubuhi, kwa mtu anayeishi kwa kuokota chupa, ndilo jambo linalowashinda wengi, wala si nia. Atakwenda siku 9, ya 10 hana hela ya teksi, jioni atarudi maskani kwa aibu akikukwepa. Jina lake usilifute daftarini. Mfuate alipo, mpe mabomba ya wiki nzima, na muulize nauli ilipungua shilingi ngapi.