Kubandika rezista hakuongezi ampea za bodi

SWALI: Fundi, nina bodi ya majaribio ya pawasaplai, inaingia volti 12 inatoka 5, ampea 3, inaswichi kwa kilohezi 500, koili ni mikrohenri 10. Nataka itoe ampea 6. Kuna video jamaa anabandika rezista nyingine juu ya ile ya kupimia mkondo, anasema limiti inapanda mara mbili. Itatosha?

JIBU: Haitoshi ndugu yangu, na hizo video zinanikera sana kwa sababu kila siku naletewa bodi zilizoungua hivyo hivyo. Limiti kweli inapanda. Tuseme rezista ni miliomu 20 na chipu inakata ikiona milivolti 100, hapo ni ampea 5, ukibandika nyingine ya 20 unabaki na miliomu 10, sasa inakata kwenye ampea 10. Lakini uwezo wa bodi uko palepale, ulichofanya ni kumfukuza mlinzi.

Shida kubwa ni koili. Kwenye datashiti yake kuna ampea za aina mbili, za joto (mkondo unaoichemsha koili) na za kushiba (mkondo ambao kiini cha koili hakiwezi tena kubeba sumaku zaidi), na watu wanasoma ile ya joto tu wanaishia hapo. Kwa bodi yako mkondo wa koili unapanda na kushuka kama ampea 0.6, kwa hiyo ukivuta 6 kilele kinafika 6.3 (nusu ya hiyo 0.6 iko juu ya 6), na koili iliyochaguliwa kwa ampea 3 mara nyingi inakuwa imeshashiba kabla hujafika huko. Ikishiba, hasa yenye kiini cha feraiti, henri zake, yaani uwezo wake wa kuzuia mkondo usipande ghafla, zinaporomoka. Kwenye osiloskopu utaona ule mstari wa mkondo uliokuwa unapanda umenyooka unapinda ghafla juu mwishoni, ukiona hivyo zima haraka.

Halafu joto. Ampea mara mbili ni joto mara nne kwenye kila chenye upinzani, shaba ya bodi, koili, mosfeti (transista zinazowasha na kuzima mkondo), na mosfeti ikichemka upinzani wake unazidi kupanda. Feni haitibu koili iliyoshiba.

Kama mosfeti ziko ndani ya chipu, acha, tafuta chipu ya ampea 8. Kama ziko nje, badilisha koili (kushiba kuanzia ampea 8), mosfeti na kapasita kwanza, rezista iwe ya mwisho, kisha pandisha mzigo nusu ampea nusu ampea huku unapima joto.

Na wanaouza bodi "zilizoongezwa nguvu" waulizeni wamebadilisha koili gani, maana mosfeti ya juu (ya upande wa volti 12) ikifa kwa kushoti, volti 12 zote zinaingia kwenye kifaa chako cha volti 5.