Unataka kupiga kheni? Anza na pumzi, vidole baadaye

Kuna kaka kaniandikia inbox baada ya kuona ile klipu niliyoposti toka Khon Kaen, Thailand, anauliza "dada hiyo mirija ya mianzi inapigwaje, na mimi nataka". Hiyo mirija ndo kheni, ala ya kupuliza ya Walao. Haya kaka, na nyie wengine mnaotaka ila mnaona aibu kuuliza, leo nafunguka.

Kwanza niringe kidogo. Ile ilikuwa sherehe ya hekaluni na nilikuwa nampigia mwimbaji wa molamu (uimbaji wa kimila wa Kilao), mama mtu mzima anayeijua kazi yake, kamaliza ubeti kanigeukia anacheka, mara bibi mmoja huyo kaja kunituza noti kama tunavyotuzana kwenye taarabu. Mimi! Niliyeambiwa na kiongozi wa kikundi fulani (simtaji) eti huku wanawake wanaimba, wapulizaji wanaume, tena wewe hata kwenu kitu hiki hakuna. Ni kweli kimila Isan (kaskazini mashariki ya Thailand) na Laos mwanaume ndo anapuliza, sibishi, lakini kunisema vile mbele za watu? Hadi leo nikimwona sokoni nahamia upande wa pili.

Tuje kwenye pumzi. Kheni sio filimbi jamani. Kila mrija una kijiulimi chembamba cha madini ndani, na haulii mpaka uzibe kitundu chake kwa kidole, ukiachia unanyamaza. Halafu ukipuliza unalia, ukivuta unalia, sauti ile ile, kwa hiyo hakuna kusimama kupumua, kupumua kwenyewe ndo muziki na mapigo yote yanatoka kifuani. Mwalimu wangu, mzee wa kijijini, alinipa sauti mbili tu niige treni, maana kuna kipande kabisa cha treni kwenye kheni, inaanza taratibu inakolea mpaka unasikia reli. Vidole vilikuja baadaye sana, huko katikati kunachosha napapita.

Kingine nta. Mirija inashikizwa kwenye kichwa cha mbao kwa nta nyeusi ya nyuki wadogo wasiouma, na kipande cha nta hiyohiyo unazibia kitundu kimoja, basi ile sauti inalia chini muda wote huku vidole vinatembea juu, ndo maana anapiga mtu mmoja na nyumba nzima inajaa. Ila usiiache kwenye gari juani. Nta italegea, utalia.

Na msidharau eti ni ngoma ya washamba. Mwaka 1865 mfalme Mongkut wa Siam (Thailand ya leo) alitoa tangazo la kukataza muziki huu wa Kilao maana watu wake walikuwa wanaukimbilia wanaacha wa kwao, na bado haukufa, 2017 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa Laos ndo kitu chao cha kwanza humo. Wenyewe wanasema Mlao ni mtu anayekula wali wa kunata, anaishi nyumba ya nguzo na anasikiliza kheni. Sasa tangazo la mfalme limeshindwa, wewe unakatishwa tamaa na mtu wa kikundi? Amkeni. Mnasubiri ruhusa ya nani? Fanya mazoezi ya pumzi kila siku, nimeshasema pumzi, narudia pumzi.

Kununua: chukua ya mirija 16, ndo wengi wanapiga, na kama una mwimbaji mpeleke, sababu kheni haikazwi kama gitaa, sauti ikishatengenezwa imetengenezwa na ni lazima ilingane na koo lake. Zile fupi za watalii achana nazo. Mafundi wapo kijiji cha Tha Ruea, wilaya ya Na Wa, mkoa wa Nakhon Phanom, hukohuko Thailand. Ukifika jaribu kila mrija kwa kupuliza na kwa kuvuta, ukikuta hata mmoja unalia upande mmoja tu, mrudishie fundi arekebishe ulimi kabla hujatoa hela.