Mazuku: mshumaa ukiwaka, nishuke?

SWALI: Nachunga mbuzi upande wa Sake, karibu na Goma. Asubuhi tumewakuta wawili wamekufa kwenye kibonde cha mawe ya lava, hawana jeraha. Wazee wanasema ni mazuku. Nikishusha mshumaa mle ukaendelea kuwaka, naweza kwenda kuwatoa?

JIBU: Usishuke, ndugu. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za miamba ya volkano. Haina rangi, na uzito wake ni mara moja na nusu ya ule wa hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni. Usiku usio na upepo hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma hupungua. Mbuzi hutangulia kufa kwa sababu pua yake iko chini, na mtoto mdogo yuko katika hatari hiyohiyo. Mtu mzima aweza kupita salama akiwa wima, kisha akainama kuokota kitu na asiinuke tena.

Mshumaa huzimika gesi ikiwa tayari nyingi mno. Kwenye asilimia 5 tayari kichwa kinauma na unahema mbio. Kwenye 10 unaweza kuzirai ndani ya dakika chache. Mshumaa unaowaka, basi, haujathibitisha usalama wowote. Hata kipimo cha oksijeni hudanganya: kaboni dioksidi ikifika asilimia 10, oksijeni hushuka kutoka 20.9 hadi 18.8 hivi tu. Gesi hii haiui kwa kusukuma hewa pembeni pekee, bali yenyewe huitia damu asidi. Tumia kifaa kinachopima kaboni dioksidi. Kitambaa puani, hata kikiloweshwa, hakizuii kitu.

Vuta mizoga kwa kamba yenye ndoano, ukisimama juu, upande unakotoka upepo. Mtu akianguka mle, fanya vivyo hivyo. Anayemfuata bila mtungi wa hewa huanguka naye. Zungushieni kibonde uzio, na asijenge mtu hapo.

SWALI: Ofisi yetu ni mita 3 kwa 3, dari mita 3. Mtungi wa kuzimia moto wenye kilo 5 za gesi hiyo unatufaa?

JIBU: Kwa moto wa umeme unafaa sana, hauachi unga kwenye mitambo. Lakini kilo 5 hutoa karibu mita za ujazo 2.7, na chumba chenu ni 27: mtakuwa mnavuta hewa yenye karibu asilimia 10. Pulizia ukiwa mlangoni, toka, funga. Usishike mdomo wa mtungi. Gesi hutoka na barafu yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri.